Bangili Mbili Kwenye Njia ya Kijani

Mwanamume ninayempenda nilimpata kwa sababu ya nyama. Sisemi hivyo kwa mzaha, ingawa wenzangu kazini wameufanya mzaha kwa miaka mitatu sasa. Nilikuwa na miezi minne tu kwenye forodha ya uwanja wa ndege wa Vienna, sare bado inanibana mabega, pale mwanamke mmoja kutoka Kayseri, Uturuki, aliposimama mbele yangu na kilo nne za pastırma, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa na kupakwa viungo, imefungwa kwa magazeti tabaka tatu. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviingii kwetu, hata kipande cha kutafuna njiani. Nilimsomea sheria, nikaichukua ile nyama, nikaitia kwenye pipa mbele ya macho yake. Hakulia. Aliniambia maneno marefu kwa Kituruki, kwa sauti ya upole kabisa, na ule upole ulinitisha kuliko matusi.

Dakika kumi baadaye mwanawe akaja kugonga dirisha la ofisi yetu, amefura. Alianza vizuri sana, Kijerumani chake kimenyooka, akataja haki za abiria, akataja utu na heshima ya wazee, kisha akaniangalia na sentensi ikamfia mdomoni. Kesho yake alirudi kuomba risiti ambayo mama yake tayari alikuwa nayo. Keshokutwa akarudi kuuliza kama asali inaruhusiwa. Ndivyo nilivyomjua Tarık.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini Bi Nezahat, mama yake, hakunitaka, sina haja ya kueleza sana. Kayseri nzima sikuwa na jina jingine ila "yule aliyetupa nyama". Zaidi ya hapo nilikuwa si wa kwao, si wa dini yao, nimempita Tarık kwa miaka miwili, na kazi yangu ni kupekua mifuko ya watu. Nilijifunza Kituruki kwa miaka miwili, kila Jumanne na Alhamisi baada ya zamu, nikiwa na usingizi hadi kwenye kope. Tarık alipompigia mama yake kumwambia, mama akauliza, "Neno la samahani wameshamfundisha?"

Nililicheka lile jibu mbele ya Tarık. Nilipokuwa peke yangu sikulicheka.

Kwao posa haijipeleki. Mkubwa wa familia ndiye anayekwenda kwa wazazi wa binti, na maua na boksi la chokoleti, anakaa, anasalimia, kisha anatamka kwamba wamekuja kumwomba binti. Baba yake Tarık ni marehemu, kwa hiyo mkubwa ni Bi Nezahat. Baada ya kusihiwa mwaka mzima alikubali kuja, na sharti lake lilikuwa moja tu: "Nitakuja kuona. Jibu langu nitalitoa nikiwa tayari kulitoa." Tarık alihangaika miezi miwili na makaratasi yake, barua ya mwaliko, dhamana kwamba atamtunza, bima ya matibabu, tiketi ya kurudi. Mama akamwambia kwenye simu kwamba nchi inayodai dhamana ili mama amtembelee mwanawe ina baridi moyoni, si barazani tu.

"Akikataa," Tarık aliniambia siku moja, "tutakwenda wenyewe tukafunge ndoa ya serikali. Mashahidi wawili tu wanatosha."

"Sitaki kuolewa kwa kupitia dirishani," nikamjibu. "Mama yako akikataa, nami nimekataa."

Alidhani natania. Nilikuwa sitanii. Nilimpenda Tarık kiasi cha kuamka usiku kumsikiliza akipumua, na kwa sababu hiyo hiyo sikutaka awe mtu wa kuchagua meza ipi atakula sikukuu. Nilikuwa nimejifungia mwenyewe, na ufunguo ulikuwa kwa mwanamke niliyemtupia nyama yake.

Jumatano jioni, siku moja kabla hajafika, tulikuwa jikoni kwa Tarık, mtaa wa Favoriten. Alikuwa amepaka rangi upya chumba cha wageni, na kucha zake zilikuwa nyeupe. Alimimina chai kwenye vile vibilauri vyao vidogo, akaisukuma yangu mbele yangu, na hakukaa.

"Kesho uko zamu ya asubuhi," akasema.

"Niliomba ruhusa, wamekataa. Ni wiki ya likizo, watu ni wengi."

"Afadhali. Nilikuwa nafikiri hivyo hivyo. Ni afadhali uwepo."

Nilijua anakokwenda kabla hajafika.

"Leni, roho yangu. Mama ana miaka sitini na tisa. Ndege yake inatua saa tano. Atapita pale na sanduku lake, atakuwa amechoka, amebadilisha ndege Istanbul, amesimama foleni ya pasipoti, wamemchukua alama za vidole. Atakuwa na kitu. Unamjua. Hata ukimpeleka hospitali atabeba kitu. Wewe geuza tu macho."

"Nigeuze macho wapi?"

"Popote. Ukutani. Kwa mzee wako Gernot. Mwambie Gernot aende kunywa kahawa."

"Tarık, usiniombe hilo."

"Naomba dakika moja ya maisha yako."

"Huombi dakika. Unaniomba niwe afisa kwa watu wote isipokuwa mama yako."

Akaweka birika chini kwa nguvu kidogo. "Basi mwaibishe mara ya pili. Mpekue mbele ya watu. Kisha Jumamosi aje kuposa nyumbani kwa baba yako, anywe kahawa, aseme ndiyo. Wewe unaona hilo litatokea?"

"Na nikimwachia, halafu akajua nimemwachia, ataniona mtu gani?"

"Mkwe," Tarık akasema. "Ataona ana mkwe."

Nilichukua koti langu. Pale mlangoni aliniita jina mara moja tu, taratibu, na ilibaki kidogo nirudi nimkumbatie nimwahidi kila kitu. Nikashuka ngazi. Kwenye tramu nililia kimya kimya nikitazama nje, na mama mmoja mwenye mbwa akanipa kitambaa cha karatasi bila kuuliza neno.

Alhamisi saa tano na nusu abiria wa Istanbul walianza kutoka. Kwetu kuna njia mbili, kila mtu anazijua: nyekundu kwa mwenye kitu cha kutangaza, kijani kwa asiye na kitu. Gernot alikuwa amesimama mwanzo wa njia ya kijani, mikono nyuma, na tumbo mbele. Amefanya kazi hii miaka thelathini na sita na anasema hatazami masanduku, anatazama watu wanavyoyashika.

Nikamwona. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Koti refu la rangi ya kijivu, kitambaa cha hariri kichwani, na sanduku la kahawia limefungwa kamba juu ya zipu. Alitembea katikati kabisa ya njia ya kijani, hakuharakisha wala hakuchelewa. Alinitambua mara moja. Alinitazama tangu viatu hadi nywele, akaendelea na safari yake.

"Bibi, samahani," Gernot akasema. "Sanduku hapa juu, tafadhali."

"Gernot," nikamwambia chini chini, "huyu ni mama yake Tarık."

"Wa ile nyama?"

"Huyo huyo."

"Basi nyie mnafahamiana," akasema. "Njoo utafsiri, mimi Kituruki sijui hata cha kuombea maji."

Bi Nezahat alifungua kamba mwenyewe, taratibu, akifungua fundo baada ya fundo kana kwamba yuko nyumbani kwake. Ndani kulikuwa na mifuko ya kitambaa iliyoshonwa kwa mkono, kila mmoja na jina lake kwa uzi mwekundu. Aprikoti kavu. Bulguri, yaani ngano iliyopondwa. Pilipili za kukausha. Chai. Pipi za ufuta. Gernot alinusa kila mfuko, akabonyeza, akauliza, nami nikatafsiri. Hapakuwa na nyama hata unyuzi, wala jibini, wala siagi.

"Mwambie," Bi Nezahat akaniambia kwa Kituruki, akitazama mbele, "kwamba orodha yao nimeisoma yote. Mjukuu wa jirani aliichapisha, kurasa tano. Safari hii hamna cha kutupa."

Nikamtafsiria Gernot. Akainamisha kichwa kwa heshima, na nilidhani yamekwisha, nilikuwa tayari nimeshaanza kufunga mfuko wa pilipili. Hapo mkono wake ukatoka kwenye kona ya sanduku na kijisanduku cha mahameli cha rangi ya damu ya mzee, kimefungwa utepe mwekundu. Akakifungua. Kilikuwa kitupu. Kwenye mto wa ndani palikuwa na alama mbili za duara, kubwa kiasi cha kifundo cha mkono wa mwanamke.

Nilijua ule utepe ni wa nini. Mwalimu wangu wa Kituruki alitueleza, na nilirudia neno lake njiani hadi nyumbani. Ni utepe wa zawadi anayovishwa bibi harusi.

Gernot naye hakuhitaji mwalimu. Alitazama kijisanduku, akatazama mkono wa kulia wa Bi Nezahat, pale mkono wa koti ulipokuwa umepanda kidogo. Bangili mbili za dhahabu, pana, za kizamani, zimekaa sawasawa juu ya mfupa.

"Muulize bangili alizovaa ni zake?"

"Ni zako, Bi Nezahat?"

"Miaka thelathini na nne."

"Anasema amezivaa miaka thelathini na nne."

"Vizuri. Sasa muulize, atarudi nazo au ataziacha hapa?"

Sheria yenyewe haina ugumu. Pambo ulilovaa, lililo lako, utakaloondoka nalo, ni mali yako ya safari na hakuna atakayeligusa. Lakini kitu cha thamani kupita kiwango ulicholeta ili umpe mtu, hicho ni bidhaa inayoingia nchini, hata kama umekivaa tangu usichana wako. Kinapita njia nyekundu, kinatangazwa, kinalipiwa. Nimeuliza swali hilo mara mia, kwa wenye saa, kwa wenye pete, kwa dada mmoja aliyevaa mikufu kumi na mbili. Sijawahi kulitetemekea kabla ya siku ile.

Na nitasema ukweli, kwa sababu nimeapa kuusema hapa: nilishawishika. Gernot asingejua. Maneno manne tu ya Kituruki, sema zinarudi, basi, na mama wa watu angefunga sanduku lake akatoka kwa mwanawe, hajaaibika wala hajalipa. Tarık angenipenda maradufu. Nilimwona amesimama nje ya ile milango ya vioo na maua yake, na moyo ukanivuta huko wote.

"Afisa anauliza," nikasema, "utarudi nazo Kayseri, au utaziacha hapa?"

Alizigusa bangili kwa vidole vya mkono mwingine, akazizungusha. Nyuma yetu magurudumu ya masanduku yalipita.

"Wewe unataka nijibu nini?" akaniuliza.

"Mimi natafsiri tu."

"Sikumuuliza mtafsiri."

Niliangalia chini, kisha nikajikaza nikamtazama. Macho yake yalikuwa ya Tarık, ya kahawia yenye ukingo mweusi.

"Nataka useme zinabaki," nikamwambia. "Nataka hivyo kuliko kitu chochote. Lakini usiseme kwa sababu mimi nimetaka."

"Nikisema zinarudi?"

"Nitamwambia zinarudi. Utafunga sanduku, utatoka. Tarık anakusubiri na maua."

"Halafu Jumamosi nikizivua nikakuvisha?"

"Sitanyoosha mkono."

"Kwa sheria yenu hiyo ya kurasa tano."

"Hapana. Kwa sababu utakuwa umenivisha kitu ulichokikana mbele yangu."

Gernot akakohoa. "Leni, anatunga tenzi? Swali lilikuwa fupi."

"Anafikiri," nikamwambia.

"Afikiri. Lakini kuna watu nyuma."

Bi Nezahat alimtazama Gernot, akatazama tumbo lake, akarudi kwangu. "Mwanangu angeniambia nizifiche hizi kwenye soksi."

Sijui kwa nini nilisema nilichosema. Labda uchovu. "Jana aliniomba nigeuze macho utakapopita."

"Tarık?"

"Ndiyo."

"Nawe?"

"Tuligombana. Nikaondoka hata chai sijainywa."

"Ulimkatalia." Hakuwa ananiuliza, alikuwa analionja lile neno. "Usoni kwake, ukamkatalia."

"Nilimkatalia, na nimelia njia nzima. Usidhani mimi ni jiwe."

Kitu kikapita mdomoni mwake, karibu tabasamu. "Yule mtoto hajakataliwa kitu tangu alipoachishwa ziwa. Kosa ni langu. Baba yake alikufa, nikawa nampa kila alichokinyooshea kidole. Nilidhani amekunyooshea kidole na wewe, na wewe ukaja tu."

"Sikuja tu."

"Naona."

Akasogea karibu na meza, hata nikasikia harufu ya sabuni ya nguo zake. "Siku ile ya nyama," akasema, "unajua kilichoniuma? Nyama ni nyama, ningetengeneza nyingine. Wewe hukunitazama. Ulisoma karatasi, ukachukua, ukatupa, ukasema anayefuata. Nilifika nyumbani kwa mwanangu nikamwambia, nimepita mbele ya mtu na mtu huyo hakuniona."

Miaka miwili ya Jumanne na Alhamisi, na neno ndilo hilo nililokuwa sijalitumia. Nililitoa.

"Nisamehe. Niliogopa. Nilijua nikikutazama nitakuachia, na nilikuwa mgeni kazini, nikafikiri kazi ni kutowatazama watu."

"Leo unanitazama."

"Leo bado naogopa. Ila nimejua vyote viwili vinawezekana, kumtazama mtu na kufuata sheria."

Alivuta pumzi ndefu. "Swali lenu hili ni baya, binti. Nilitoka Kayseri nimezivaa ili nikiona sivyo nirudi nazo mkononi, asijue mtu. Kijisanduku nilikificha chini ya bulguri. Nilijipa mpaka Jumamosi. Nilitaka nikuone unavyopika kahawa, unavyozungumza na baba yako, kama unampokea mtu koti. Siku mbili za kufikiri, basi. Ninyi mnanitaka niseme hapa hapa nimesimama, na miguu imevimba."

"Hatuna njia ya tatu, Bi Nezahat. Kama ingekuwepo ningekupeleka huko mwenyewe."

Alicheka kidogo puani. Kisha akaziangalia bangili kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua fupi mara ya pili. Nilihesabu pumzi zangu. Sikuomba kitu, hata kwa Mungu, maana nilijua nimeshasema nilichokuwa nacho chote.

"Mwambie zinabaki," akasema.

"Amesema nini?" Gernot akauliza.

Nilifungua mdomo. Kijerumani changu chote, lugha niliyonyonya, kikanipotea. Nilimtazama Gernot nikiwa kama bubu, machozi yananishuka juu ya sare, na yeye, miaka thelathini na sita ya kutazama watu, akaweka kijisanduku mezani taratibu.

"Basi zinabaki," akajisemea, akavuta fomu.

Utaratibu ni utaratibu, na Gernot hakuruka mstari hata mmoja. Kulikuwa na ushuru, na faini ndogo juu yake kwa kupita njia isiyo yake, na Bi Nezahat akamfanya anieleze kila senti, akateta kwamba Kayseri kwa bei hiyo angepata bangili ya tatu. Shida ilikuwa mizani. Bangili lazima zipimwe, na zilikuwa hazijavuka ule mfupa tangu Tarık azaliwe.

Nikampeleka chooni kwetu wafanyakazi. Nikafungua maji ya uvuguvugu, nikamkunja mkono wa koti, nikampaka sabuni kuanzia kwenye vidole. Mkono wake ulikuwa mzito, wenye makovu madogo ya kuchomwa na mafuta. Hakunitazama, alitazama kwenye kioo.

"Mama mkwe wangu alinivisha hizi siku ya kuombwa," akasema. "Alikuwa hanipendi hata kidogo. Alizivuta kwa nguvu hadi nikatoka damu, mbele ya watu wote, na mimi nikatabasamu. Miaka kumi na moja nimeishi naye nikitabasamu."

"Nikikuumiza sema."

"Huniumizi. Vuta."

Ya kwanza ilitoka kwa taabu. Ya pili ikateleza yenyewe. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe, laini, ya msichana, na alama mbili za mviringo zimezama. Tulibaki tumezitazama wote wawili, maji yanamiminika bure. Nilitaka kumbusu ule mkono, kama wanavyofanya kwao kwa wakubwa, nikaogopa ataona najipendekeza. Nikaufuta kwa taulo, kidole kimoja kimoja.

"Mimi sitazivuta kwa nguvu," akasema.

Gernot alipima, akaandika, akagonga muhuri. Bangili zikaingia kwenye kijisanduku chao, na Bi Nezahat akafunga utepe mwenyewe, akakitia kwenye mkoba pamoja na risiti. Mimi nikabeba sanduku la kahawia hadi kwenye milango ya vioo, maana miguu yake kweli ilikuwa imevimba.

Tarık alikuwa amesimama mbele ya wote, shati jeupe, maua ya tulipu yameanza kulegea mkononi. Alikuja mbio, akainama, akaubusu mkono wa mama yake na kuuweka kwenye paji la uso. Akabaki hapo hapo. Nilimwona anautazama ule mkono mtupu, zile alama mbili, wekundu wa sabuni. Akainuka polepole na kunigeukia, na uso alionipa sijawahi kupewa na mtu yeyote.

"Umezichukua," akasema. "Leni. Bangili za mama yangu."

Nilianza kumweleza, akanikatiza.

"Nyama sawa, ilikuwa nyama. Hizi alivishwa na bibi yangu. Amelala nazo, amezika nazo baba yangu. Nilikuomba kitu kimoja tu. Kimoja."

"Punguza sauti," Bi Nezahat akamwambia. "Uko mbele za watu."

"Mama, usijali, nitaandika barua, nitakwenda kwa mkuu wao, watazirudisha leo hii."

"Hazirudi."

"Zitarudi."

"Tarık, mwanangu, nimesema hazirudi. Nimeulizwa na serikali nikajibu, na wamenipigia muhuri." Akachukua maua kutoka mkononi mwake, maana alikuwa karibu kuyavunja. Kisha akanishika mkono wangu wa kulia bila kuniomba, akausukuma juu mkono wa sare, na kukizungushia kifundo cha mkono wangu kidole gumba na cha kati. Vidole vyake vilikutana na kupitana. Akatikisa kichwa.

"Mwembamba," akamwambia mwanawe. "Kesho asubuhi nitafutie sonara anayejua kazi. Zikibaki hivi zilivyo, zitamdondoka Jumamosi hiyo hiyo."

Tarık alinitazama mimi, akamtazama mama yake, akatazama mkono wangu ambao bado ulikuwa umeshikwa. Akakaa juu ya sanduku la kahawia, hapo hapo katikati ya njia ya watu, akajifunika uso kwa mikono yake yenye kucha za rangi nyeupe.